Nanochembe za Kutibu Utumbo: Hoja Iko Mahali Zinapotua

Nanochembe mpya ya kutibu utumbo ikitangazwa, sifa inayotajwa kwanza huwa ni wingi wa radikali huru inazoweza kuzima. Kipimo hicho hufanyika upesi maabarani na matokeo yake hupendeza kwenye grafu. Kwa mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda au wa ugonjwa wa Crohn, magonjwa mawili ya mchochota sugu wa utumbo, hakitoshi hata kidogo. Kinachomhusu zaidi ni pale chembe inapotua, muda inaokaa, na njia inayotokea mwilini.

Madhara ya radikali hizo hayana ubishi. Utumbo ukipatwa na mchochota, chembe nyeupe za damu humiminika mahali hapo na kumwaga radikali ya superoksidi pamoja na haidrojeni peroksidi na asidi ya haipoklorasi. Hizo ni silaha za kuulia bakteria. Zikizidi, huharibu seli za ukuta wa utumbo wenyewe, bakteria wakapenya, na kinga ikachachamaa upya. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kimeng'enya cha mwili kinachovunja superoksidi. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho ni protini; mgonjwa akikimeza, tumbo hukisaga pamoja na chakula.

Nanochembe zimeingia kuziba pengo hilo. Mfano ni zile za oksidi ya metali ya seriamu: atomu za seriamu zilizo juu ya chembe hubadilishana hali mbili za chaji, +3 na +4, hivyo chembe ileile huvunja radikali tena na tena. Mwaka 2020, watafiti wa China waliipachika oksidi hiyo kwenye montmoriloniti, udongo wa jamii inayotumika tangu zamani katika dawa za kuhara. Udongo huo una chaji hasi, na utumbo wenye vidonda hukusanya protini zenye chaji chanya. Viwili hivyo huvutana, na dawa hunata palipoumia.

Kazi ya Yukio Nagasaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, iliyochapishwa mwaka 2012, ina funzo kubwa zaidi. Walitengeneza chembe za polima zenye upana wa nanomita 40 hivi, zilizobeba kikundi cha kemikali kinachozima radikali, wakawapa panya kwa njia ya mdomo. Chembe zilijikusanya kwenye utando wa utumbo mpana bila kuingia kwenye damu. Molekuli ndogo yenye kikundi hichohicho, ikiwa huru, haikufanya vizuri kiasi hicho. Kemia ilikuwa moja. Tofauti ililetwa na mahali.

Kwa nini mahali pawe na uzito huo? Kwa sababu radikali zinahitajika. Wapo watu wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayozuia chembe zao nyeupe kutengeneza superoksidi. Wangetarajiwa kuwa na utumbo salama kuliko wote, kumbe wengi wao hupata mchochota wa utumbo unaofanana na Crohn, na vimelea vya jamii ya kifua kikuu huwashambulia kwa urahisi. Chembe inayozima kila kitu, kila mahali, inaweza kumsogeza mgonjwa kwenye hali hiyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee Tanzania na Kenya, ambako kifua kikuu ni kingi na kile cha utumbo huweza kudhaniwa kuwa Crohn. Infliximab, dawa ya Crohn iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilileta nafuu kubwa, lakini kufikia 2001 ilikuwa imebainika kwamba huamsha kifua kikuu kilicholala. Dawa ya kumeza inayofanya kazi ndani ya utumbo tu ingekuwa neema. Inayovuja kwenye damu ingerudisha hofu ileile.

Udogo nao si usalama. Mwaka 2017, watafiti wa Zurich walionyesha kwamba chembe za titani dioksidi, rangi nyeupe ya vyakula, ziliongeza makali ya kolaitisi kwa panya. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula mwaka 2022.

Halafu kuna panya wenyewe. Majaribio mengi huwanywesha dekstrani salfeti, kemikali inayowasababishia kolaitisi, kwa takribani wiki moja. Ikiondolewa, utumbo huanza kupona wenyewe. Binadamu huishi na ugonjwa huu miongo mingi. Dawa iliyoharakisha nafuu iliyokuwa njiani bado haijathibitisha kitu kikubwa.

Kwa hiyo wahariri wa majarida na kamati za maadili wadai mambo matatu kabla ya jaribio lolote kwa binadamu: vipimo vya chembe katika kinyesi, damu, ini na bandama kwa miezi kadhaa, matokeo kutoka kwa wanyama wenye mchochota sugu, na uthibitisho kwamba uwezo wa kupambana na kifua kikuu haupungui. Chembe isiyo na takwimu hizo isipewe mgonjwa, hata kama imezima radikali zote za maabara.