Mafiga Yamehamia Ukutani

Figa moja haliinjiki chungu. Msemo huo sote tunaujua, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza mafiga yenyewe yakae wapi ndani ya nyumba, na nani aliamua?

Mimi swali hili lilinikuta tulipohama Kariakoo kwenda kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Fundi alikuja na futi kamba yake, akatangaza kwamba jiko la gesi litakaa chini ya dirisha, eti moshi utoke wenyewe. Mama akataka kona. Bibi, aliyepika kwa kuni na mkaa maisha yake yote mpaka macho yakawa mekundu, akasema yeye hapiki akiupa mlango mgongo. Nikaona hapa pana historia, siyo ubishi mtupu.

Tuanze na nyumba tuliyoiacha. Nyumba ya Kiswahili unaijua, ndugu msomaji: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, halafu uani. Jiko liko uani. Wazee hawakuliweka huko kwa bahati nasibu. Paa likiwa la makuti, cheche moja tu inatosha. Huko nyuma moshi unapata anga. Tena uani ni pa wanawake: hapo nazi inakunwa, mchele unachaguliwa, na habari za mtaa mzima zinapitiwa moja moja. Mpishi alikula moshi, naam, lakini hakuula peke yake.

Sasa twende Ujerumani. Mwaka 1926 mji wa Frankfurt ulikuwa unajenga nyumba nyingi za bei nafuu, msimamizi akiwa Ernst May. Kazi ya kuchora jiko alipewa msanifu wa kike kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky. Akatoa kijumba cha upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4. Kila hatua ilipimwa: kutoka kwenye moto hadi kwenye sinki, kutoka kwenye sinki hadi meza ya dirishani penye mwanga. Mfano mmoja aliutoa kwenye majiko ya mabehewa ya treni. Cha kuchekesha ni kwamba baadaye mwenyewe alikiri kuwa wakati anachora hakuwa amewahi kupika! Majiko yapata 10,000 yakajengwa, na majiko mengi ya fleti za leo ni wajukuu zake.

Wala usidhani hayo ni ya mbali. May alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akafanya usanifu Nairobi, na katika miaka ya 1940 akachora mpango wa kuipanua Kampala. Schütte-Lihotzky yeye alikamatwa na Gestapo mwaka 1941 kwa kumpinga Hitler, akakaa kifungoni hadi 1945. Alifariki mwaka 2000, akikaribia kutimiza miaka 103.

Lakini jiko lake lilikuwa na kasoro: watu wawili hawaenei. Hatua zimepungua, na gumzo nalo limekufa.

Turudi kwa fundi wetu. Moshi na mvuke wa moto hupanda juu. Ile kofia ya kuvuta moshi kazi yake ni kuudaka kabla haujatawanyika. Ukiweka jiko chini ya dirisha, upepo unauyumbisha moshi ukaikwepa kofia, unaweza hata kuuzima mwali gesi ikabaki inavuja, na pazia nalo liko jirani. Kona nayo inabana mikono. Kofia iwe na upana usiopungua wa jiko. Kwa gesi, mara nyingi huning'inizwa sentimita 65 hadi 75 juu ya moto, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Bomba liwe fupi, kona chache, litoke nje kabisa. Zile zisizo na bomba huchuja mafuta na harufu, kisha hewa inarudi humo humo.

Siyo mambo ya urembo haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Niliposoma namba hiyo nilimkumbuka Bibi na kikohozi chake cha alfajiri, ambacho sisi tulikizoea kama jogoo.

Basi, jiko tuliliweka kwenye ukuta wa nje, mbali kidogo na dirisha, na kibao cha kutulia sufuria kila upande. Mlango uko ubavuni, anayeingia anaonekana. Halafu tukaacha nafasi sakafuni kwa mbuzi ya Bibi ya kukunia nazi. Fundi alilalamika kwamba tumepoteza nafasi ya kabati. Jioni ya kwanza Bibi alikuna, Mama akakaanga vitunguu, wakamsengenya jirani mpya mpaka wali ukaiva.

Na wewe, kabla hujalala leo, ingia jikoni kwenu. Simama anaposimama mpishi wenu, utazame anachokitazama kila siku.