Kipimamvua: milimita moja ni maji kiasi gani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotahadharisha juu ya mvua kubwa, hutaja kiwango: mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Tangazo husomwa redioni, likasambazwa kwenye simu, na watoto hulisikia pamoja na wazazi wao. Wengi, wakubwa kwa wadogo, hubaki na hofu bila picha, kwa sababu milimita wanayoijua ni ile ya kwenye rula. Chombo kinachoihusisha milimita hiyo na mvua kinaitwa kipimamvua, na kwa maoni yangu ndicho kinachofaa kumfungulia mtoto mlango wa elimu ya hali ya hewa.

Istilahi yenyewe imeundwa kwa kitenzi pima na nomino mvua, vikatanguliwa na ki- ya vifaa. Imefuata njia ileile ya kipimajoto na kipimaupepo, kwa hiyo mwanafunzi aliyeijua moja huzikisia nyingine. Wapo wanaoandika kipima mvua, maneno mawili. Mimi naliandika neno moja, kwa kuwa kinachotajwa ni kifaa kimoja, na wingi wake ni vipimamvua. Tusikichanganye na kipimo cha mvua. Kipimamvua ni chombo. Kipimo ni kiasi kilichopatikana. Mwanafunzi aseme: kipimamvua chetu leo kimetupa kipimo cha milimita 12.

Kitaalamu, kipimamvua ni chombo chenye mdomo wazi kinachokinga mvua mahali palipochaguliwa, ili kina cha maji yake kipimwe baada ya muda uliowekwa. Neno la kushika hapo ni kina. Tukisema imenyesha milimita 10, maana yake ni kwamba kama maji yote yangetuama juu ya ardhi tambarare, yasitiririke, yasizame wala yasigeuke mvuke, yangesimama kwa kina cha milimita 10.

Mtoto atauliza: kwa nini tusihesabu lita? Mpe sufuria pana na kopo jembamba, vyote viwe na kuta zilizosimama wima, aviache mvuani pamoja. Sufuria itakinga maji mengi zaidi, lakini akitumbukiza rula atakuta kina ni kilekile, au kinakaribiana sana. Lita hutegemea ukubwa wa chombo, kina hakitegemei. Ndiyo maana kipimo cha Tanga huweza kulinganishwa na cha Kigoma. Ndoo ya kawaida haifai kwa kazi hii, maana mdomo wake ni mpana kuliko kitako: hukinga kwa upana mkubwa, ikahifadhi kwa upana mdogo, na rula ikasoma zaidi ya mvua iliyonyesha.

Kutoka kwenye kina, kuzifikia lita ni hesabu nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Chukua paa la darasa linalofunika eneo la mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50 hulimwagia lita 3,000, sawa na ndoo 150 za lita 20. Mwanafunzi akishafanya hesabu hiyo kwa mkono wake, ile tahadhari ya redioni humwingia. Hapo anaelewa kwa nini mtaa wenye mapaa mengi na mitaro iliyoziba hufurika, na kwa nini shule yenye mfereji wa bati na tangi haipaswi kuyaacha maji hayo yapotee.

Haja ya kupima kwa namna moja kila mahali ni ya zamani. Huko Korea, zama za Mfalme Sejong, kipimamvua kilibuniwa mwaka 1441, na baadaye vyombo vya kipimo kimoja vikapelekwa majimboni ili mvua ijulikane kwa ajili ya kilimo.

Shuleni, chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha. Kata sehemu ya juu, igeuze kichwa chini iwe faneli ya kupunguza maji yanayopotea kwa mvuke. Weka kokoto kitakoni, mimina maji hadi pale kuta zinaponyooka, uchore mstari wa sifuri. Kutoka hapo panda kwa milimita. Kisimike uwanjani, mbali na miti na kuta: umbali wa angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi kilicho karibu. Soma kila siku saa tatu asubuhi, andika, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Lugha yetu tayari inawapa watoto manyunyu, rasharasha na mvua ya mawe. Maneno hayo hueleza mvua ilikuwa ya namna gani, nayo yaandikwe daftarini kando ya tarakimu, kwa maana tarakimu hueleza ilikuwa kiasi gani. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Nafasi tupu ina maana nyingine: hakuna aliyepima. Mtoto anayezitofautisha hizo mbili ameanza kuwa mtu wa sayansi.

Kipimo cha siku moja ni habari ya hali ya hewa. Ili kuizungumzia tabianchi, wataalamu hutumia wastani wa miaka 30, muda ambao hakuna mwanafunzi anayekaa shuleni. Kwa hiyo anayemaliza darasa la saba na amkabidhi daftari wa darasa la sita, na mwalimu mkuu alitunze pamoja na kumbukumbu nyingine za shule.