Msongamano: nani anamsonga nani?

Kitenzi cha Kiingereza "congest" kina asili ya Kilatini, congerere: con- ni pamoja, gerere ni kubeba. Hapo mwanzo hakikuhusu watu wala magari, bali kukusanya vitu na kuvirundika. Matabibu wakakitumia kwa damu au majimaji yaliyojaa kwenye kiungo cha mwili. Barabara zilikuja baadaye, karne ya 19, miji ya viwanda ilipofurika.

Kiswahili kilianzia kwingine. Songa ni kubana, na aliyewahi kushika mwiko wa ugali hahitaji maelezo zaidi. Ongeza -mana, kiambishi kilekile cha shikamana na fungamana, upate songamana. Humo hamna msongaji mmoja: kila aliyemo anabana na anabanwa. Kiingereza kinaonyesha lundo, Kiswahili kinaonyesha wanaolifanya lundo.

Wahandisi wa kompyuta waliuona ukweli huo kwa shida. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyoachana kwa mita zisizofika 400, kasi ya mawasiliano ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Nyaya hazikukatika. Kompyuta iliyokosa jibu ilidhani pakiti yake, yaani kifurushi chake cha data, imepotea, ikaituma tena; jirani yake akafanya vivyo hivyo, na kila marudio yakazidi kuifunga njia. Mhandisi John Nagle alikwisha kuonya kuhusu hali hiyo mwaka 1984. Van Jacobson na Michael Karels ndio walioandika dawa yake mwaka 1988: mtumaji aanze polepole, na akiona pakiti zinapotea apunguze mwendo. Ni tiba ya msongamano kwa maana yake halisi, kwa kuwa inamtaka kila anayesonga alegeze.

Basi "msongamano wa mtandao" ni tafsiri iliyopata shabaha, pengine kuliko neno lenyewe la Kiingereza.

Hatari kwa mfasiri iko kwenye neno foleni. Dar es Salaam, magari yakikwama, watu husema kuna foleni. Nairobi husema jam. Mtaani hakuna ubaya. Lakini ndani ya kipanga njia cha mtandao foleni ni kitu kingine kabisa: ni mstari wa pakiti zinazongoja zamu, na huwepo hata mambo yakienda vizuri. Ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa. Mfasiri anayeyaita yote mawili foleni humwacha msomaji asijue kipi ni chanzo na kipi ni matokeo.

Neno msongamano nalo lina mipaka. Magereza, bandari na wodi husongamana. Pua haisongamani, huziba, na kijikaratasi cha dawa ya mafua kinachotaja "msongamano wa pua" kinafaa kurudishwa kwa mhariri.