Moshi wa Kusubiri: Tunduma, Bandari Isiyo na Bahari

Abiria anayekata tiketi ya ndege kwenda Songwe hashukii Mkoa wa Songwe. Uwanja wenye jina hilo ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini Mbeya, nao uko upande wa Mbalizi, ndani ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulimegwa miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na uwanja ukabaki kwa mama. Kwa hiyo mtu wa Mbozi, Momba au Ileje, wilaya za Mkoa wa Songwe, ukimuuliza habari za moshi wa ndege atacheka. Ndege zake zina magurudumu kumi na nane na zaidi, na zinapanga foleni Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia.

Sifanyi mzaha. Kiwanja kikubwa cha ndege na mpaka mkubwa wa malori vina ugonjwa mmoja. Ndege ikishapaa juu, moshi wake hutawanyika mbali na pua za watu. Inayowachafulia majirani hewa ni ile iliyo chini, inayojikokota kuelekea njia ya kurukia huku injini zikinguruma, au iliyoegeshwa ikiwa imewasha injini ndogo ya mkiani ili abiria wapate taa na ubaridi. Viwanja vilivyoamua kupunguza uchafu huo vilianzia hapo: ndege ikiegeshwa ipewe umeme wa waya, isiruhusiwe kutoka kwenye egesho mpaka zamu yake ikaribie, magari ya kuvuta mizigo yawe ya umeme. Zürich walianza mwaka 1997 kutoza ada ya kutua kwa kutazama uchafu wa injini ya ndege. Adui ni mmoja kote huko, injini inayowaka bila kwenda popote. Tunduma wanamjua adui huyo vizuri, na historia ya mji wao inaweza kusimuliwa kwa kuuliza nani alisubiri, alisubiri nini, na alichoma nini wakati anasubiri.

Hapo kale hakuchoma kitu. Njia ya kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa ya miguu, na mzigo ulipanda kichwani. Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society waliingiza majini Tanganyika meli yao, Good News, ambayo ilikuwa imepita nyanda hizi ikiwa vipande vipande mikononi na vichwani mwa wapagazi. Mpaka wenyewe ulichorwa mezani Ulaya. Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani walikubaliana mto Songwe uwe mpaka kutoka Ziwa Nyasa, kisha mstari ukate nchi kavu kuelekea Tanganyika. Waingereza walitaka barabara iliyopewa jina la James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, ibaki upande wao, na walipata walichotaka. Wanyamwanga wakaamka wako nchi mbili, na mtu wa Tunduma na ndugu yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakawa wageni kwenye makaratasi. Moshi pekee ulikuwa wa kuni za chakula cha jioni.

Injini ya angani ilifika nyanda hizi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofikisha safari zake za kutoka London hadi Cape Town, ndege zilitua Dodoma, zikaja Mbeya, zikaruka juu ya mpaka na kushuka Mpika. Mbeya ilikuwa kituo kwenye njia ya mabara. Ilipofika 1937 ndege za kutua majini zikachukua njia ya pwani, zikapita Mombasa na Lindi, na mbingu za nyanda za juu zikarudia ukimya. Nalitaja jambo hili kwa sababu linafundisha kwamba njia ya biashara, na moshi wake, huhamishwa kwa barua moja ya ofisini. Mtu anayeishi kando ya njia haulizwi.

Barua nzito kuliko zote iliandikwa Salisbury. Novemba 11, 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi, na kabla mwaka haujaisha Zambia ikawa imekatiwa mafuta yaliyokuwa yakipita kusini. Nchi changa isiyo na bahari ilitakiwa kutafuta mlango mwingine, na mlango ulikuwa Dar es Salaam. Ndege za jeshi la anga la Uingereza aina ya Britannia zilianza Desemba hiyohiyo kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Hebu tafakari hesabu yake: ndege inachoma mafuta ili ifikishe mafuta. Haiwezekani kupata mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya kukosa njia nzuri.

Chini, kwenye udongo, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo leo tunaiita TANZAM, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza waliibatiza jina la mbio za jehanamu. Malori yalikuja na mapipa na kurudi na shaba, yakapinduka, yakakwama, yakangojana kwenye vilima. Tunduma, ambayo ilikuwa kijiji cha mpakani, ilianza kuonja ladha ya dizeli.

Tiba ya kwanza ililetwa na bomba. Mwaka 1968 TAZAMA ilikamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya hewa ya Tunduma, na sijasikia mtu akilisherehekea kwa sababu hiyo. Mafuta yakapita chini ya ardhi bila honi wala utingo, na bila dereva kuomba nafasi ya kuegesha. Kila pipa lililopita bombani lilipunguza sababu moja ya lori kusimama mpakani. Nyerere na Kaunda hawakujenga bomba kwa ajili ya mapafu ya mtu wa Tunduma. Walijenga ili Zambia isinyongwe. Lakini mapafu yalinufaika.

Tiba ya pili ilikuwa reli. Makubaliano na China yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na mwaka 1973 reli ikawa imefika Tunduma na kuvuka mpaka. Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa. Vichwa vya TAZARA navyo vinakunywa dizeli, hilo tusilifiche, lakini treni moja hubeba mzigo wa malori mengi kwa mafuta machache zaidi kwa kila tani, na haisimami katikati ya soko. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilivuka milioni moja, na huo ndio ukawa upeo wake.

Kisha ikaanza kushuka. Zimbabwe ilipata uhuru 1980, Afrika Kusini ikabadilika 1994, njia za kusini zikafunguliwa, na shaba ya Zambia haikulazimika tena kupita kwetu. Vichwa vya treni vilichakaa bila kupata vipuri vya kutosha, na reli ikapungukiwa matunzo. Biashara ikafunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye mtaji akanunua lori. Katika mwaka wa fedha 2014/15 TAZARA ilibeba chini ya tani laki moja, na mzigo uliobaki ulikuwa barabarani. Mimi nasema wazi: moshi unaolalamikiwa Tunduma leo ulianza kuwashwa siku treni zilipoachwa zife njaa ya vipuri.

Mji nao ukafumuka. Sensa ya 2012 iliukuta na watu wasiofika laki moja; ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya laki mbili. Wamekuja kuuza chipsi, kubadili fedha, kuendesha bodaboda, kupangisha vyumba, kujaza fomu za forodha. Foleni ndiyo mwajiri wao mkubwa, na hapo ndipo pagumu. Mama lishe wa kando ya barabara anavuta moshi wa lori lilelile linalomletea mteja.

Anayetaka kuielewa foleni asimame nayo asubuhi moja ya Juni, baridi ya nyanda za juu ikiwa imelala chini na moshi hauna pa kwenda. Semi limezimwa tangu usiku. Breki zake hutumia upepo, na upepo huvuja taratibu. Wa mbele wakisogea hatua ishirini, dereva hawezi kuondoka papo hapo. Anawasha injini, anasubiri upepo ujae, anasogea hatua zake ishirini, anazima. Au hazimi, kwa sababu anaogopa mwenzake atachomeka. Zidisha tendo hilo kwa mamia ya malori, kwa siku nzima, kandokando ya vibanda, stendi na shule. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mtu haumwi siku hiyo, ndiyo maana haandamani.

Tiba ya tatu tuliiona kwa macho. Oktoba 5, 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, Tunduma na Nakonde. Utaratibu wake ni mwepesi: badala ya kukaguliwa ng'ambo zote mbili, lori linakaguliwa mara moja, katika nchi linakoingia. Majengo ni mazuri. Lakini Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona, na madereva wakakwama, na tangu hapo foleni imerudi mara kwa mara, mtandao wa forodha ukigoma upande mmoja au mzigo ukiongezeka bandarini Dar es Salaam. Kituo kilipunguza madirisha ya kupita. Hakikuweka ratiba ya kufika. Kiwanja cha ndege hakiruhusu kila rubani aje saa anayotaka. Mpaka unaruhusu.

Mafuta yenyewe yameboreka, na haki itendeke. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Salfa ikipungua, masizi nayo hupungua, na vichujio vya kisasa vinaweza kufanya kazi bila kuharibika. Ila lori lililochoka halina kichujio, na pampu iliyochokonolewa ili kuongeza nguvu mlimani hutoa moshi mweusi hata ukiitilia mafuta safi. Kuna kichekesho kingine ndani ya mizigo: kwenda, baadhi ya malori hubeba salfa ya kusafishia madini migodini Kongo, kurudi, hubeba shaba inayokwenda kutengeneza magari ya umeme ya miji ya mbali. Hewa ya Shanghai na ya Oslo inasafishwa, na sehemu ya masizi inabaki Tunduma.

Wapo watakaosema malori yanaonewa, kwamba mkaa wa jikoni unaua wengi zaidi. Wana hoja. Jikoni ni chumba kidogo, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga mahali sahihi. Lakini mama wa Tunduma anapika kwa mkaa ndani na kuuza chakula barabarani nje. Hawezi kupewa tiba ya nusu siku.

Dalili za tiba ya nne zipo. Mwaka 2023 bomba la TAZAMA, lililozoea kubeba mafuta ghafi, lilianza kusukuma dizeli iliyosafishwa kwenda Zambia, na kila lita ya humo ni lita isiyohitaji tangi la barabarani. Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA. Vichwa vipya vikija na mzigo ukirudi relini, Tunduma itapumua bila kununua hata kichujio kimoja.

Lakini reli huchukua miaka, na kuna mambo yasiyongoja Beijing. Malori yakusanywe kwenye maegesho nje ya mji na kuitwa kwa namba, kama mgonjwa anavyoitwa dirishani. Mawakala wamalize karatasi za mzigo kabla gari halijapita Mbeya. Maegesho yawe na soketi za umeme kwa makontena ya baridi. Aliyeegesha na kuacha injini ikinguruma usiku kucha alipe. Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007 zimeshatoa meno. Yaliyobaki ni kung'ata.

Na kabla ya hayo yote, tuhesabu. Naziomba Halmashauri ya Mji na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, zisimamishe ubao stendi, uandikwe kila asubuhi namba mbili tu: saa ambazo lori la jana lilisubiri kuvuka, na kiasi cha masizi hewani. Wakazi hawatahitaji semina ya kuzisoma. Ni watu wanaojua kwacha imesimama shilingi ngapi kabla hawajanywa chai.