Kabla ya Ubao wa Malengo, Bibi Zetu Walikuwa na Kanga



Msimu wa harusi ukikaribia, wengi wenu hutuonyesha ubao wa malengo: picha ya Al-Kaaba, nyumba ndogo yenye ua, cherehani, cheti cha chuo, vyote vimekatwa na kubandikwa kwa gundi. Tunazipenda mbao hizo. Shida ni kwamba ukishaingia nyumba ya ndoa, ubao hupelekwa nyuma ya kabati, na baada ya miezi mitatu hata aliyeubandika hakumbuki kona ya kushoto kulikuwa na nini. Kwa hiyo leo hatutazungumzia misumari wala fremu. Tunarudi nyuma, hapa hapa Unguja, kwa wanawake waliojua kuliweka walitakalo mahali ambapo jicho haliwezi kulikwepa. Walilivaa.

Karne ya 19 nguo ilikutambulisha kabla hujafungua mdomo. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Marekani, na ndiyo iliyoipa jina. Au alivaa kaniki, yaani nguo ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikakaribia kuwa nyeusi. Rangi, mapambo na mtandio wa kichwani vilikuwa vya waungwana. Tusimame hapa kidogo. Kwa sisi tunaojisitiri kila siku, ni rahisi kusahau kwamba kulikuwa na wanawake katika kisiwa hiki hiki, Waislamu wenzetu, ambao kufunika kichwa mbele ya bwana wao kulihesabiwa kuwa ni kujikweza.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba. Haikuwa na maana kwamba kesho yake kila mtu aliamka huru. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile hadi mwaka 1909. Wengi waliopata uhuru walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililotenganisha Mji Mkongwe na mashamba. Walipanga vyumba, wakafua nguo za watu, wakapika vya kuuza, wakachuma karafuu msimu ulipofika.

Na senti zao zikaenda kwenye kanga. Wapo waliowacheka, wakasema ni tamaa ya mapambo. Sisi hatukubaliani nao. Mwanamke yule alikuwa bado hana nyumba, hana ukoo wa kujivunia, na mtaani bado kuna aliyemkumbuka kwa jina la bwana wake wa zamani. Lakini kila alfajiri alipojifunga doti yake alimwona mtu anayetaka kuwa, na jirani yake naye akamwona. Kaniki aliiacha. Kichwani akajitanda ukaya, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wengi wakavaa buibui, vazi ambalo hapo nyuma lilikuwa la wake wa mabwana. Alilitaka jambo, akalivaa kabla watu hawajalizoea, mpaka wakalizoea.

Kanga yenyewe haikuanza ilivyo leo. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyouzwa kwa mpigo kabla havijakatwa, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini. Wenye maduka wakaona biashara, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa Ulaya. Ya mwanzo yalikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, ndiyo jina likabaki, ingawa Mombasa wengi bado wanasema leso. Kisha likaja jina, yale maandishi juu ya pindo la chini, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak kule Mombasa lilijulikana sana kwa kazi hii, na wengi wenu mna kanga za mama zenu zilizoandikwa pembeni "Mali ya Abdulla".

Jina lilimpa mwanamke namna ya kusema bila kusema. Mara nyingi tunakumbuka mafumbo ya wake wenza na majirani, maana ndiyo yanayochekesha. Tunasahau yale ya dua na shukrani na subira, aliyojifunga mama akiwa jikoni, akiwa kisimani, akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Sasa najua, mtasema: je, husuda? Si kila jambo la kutandazwa barazani. Kweli kabisa, na kwa hilo tuna mfano mwingine. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, alifundishwa kusoma lakini si kuandika, kwani kuandika hakukuwa kwa wasichana. Katika kitabu chake cha mwaka 1886 anaeleza jinsi alivyojifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Maisha yake ya baadaye yana mengi, na si ya leo. Tunachokitaka ni ule mfupa. Watu hawakuuona, yeye aliuona kila siku na mkono wake ulikuwa juu yake. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid, aliyeandika barua za upande wa Barghash alikuwa Salme, binti wa miaka 15.

Kwa hiyo bi harusi wetu, si lazima ubao ukae sebuleni wageni wausome. Unaweza kukaa ndani ya mlango wa kabati la nguo, unapofungua kila asubuhi. Karibu na mswala pia ni pazuri, asiwe na picha ya kiumbe mbele yako unaposali; maneno yanatosha. Aliye na cherehani ya kununua, aibandike kwenye kopo la akiba lenyewe. Ubao hauleti rizki, wala hakuna bibi aliyedhani kanga inaleta. Rizki ina Mwenyewe. Lakini niya nayo husahaulika ikifichwa.

Na msione vibaya kuubadilisha. Kisutu cha harusi huwa cha thamani siku ya singo, kisha kinakuwa cha kutokea, cha jikoni, mbeleko, mwisho tambara la kufutia sakafu. Bibi hakukililia. Alikwenda Darajani, akasimama dukani akigeuza doti moja baada ya nyingine, akisoma majina.