Usonji, Tiba ya Tabia na Somo la Mahenge

Mzazi wa Kidatu mwenye mtoto wa usonji anaishi zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, ambako shule kama Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto hao. Akiambiwa kwamba tiba ya tabia ni saa 40 kwa wiki mbele ya mtaalamu, naye anashinda katika mashamba ya miwa, atakata tamaa. Je, ni kweli kwamba tiba hii ni mali ya kliniki? Historia yake inatoa jibu jingine.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11 na kuipa hali yao jina. Kwa miaka mingi baadaye lawama ziliwaangukia wazazi, hasa akina mama. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alieneza dai kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfunga mtoto ndani ya nafsi yake. Tusiwacheke. Mama wa kwetu naye huulizwa amevunja mwiko gani.

Tiba ya tabia iliachana na swali la nani alaumiwe, ikauliza mtoto anaweza kujifunza nini. Msingi wake ni mwepesi: tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa. Kunawa mikono hugawanywa katika hatua ndogo, yaani kulowesha, kupaka sabuni, kusugua na kusuuza, na kila hatua hupongezwa papo hapo.

Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliikuza tiba hiyo kuanzia miaka ya 1960. Doa lake lisifichwe: alitumia pia makofi na mshtuko wa umeme. Watu wazima wenye usonji wangali wanaikosoa tiba hii, hasa pale inapolenga kumfanya mtoto afanane na wenzake badala ya kumwezesha kuishi vyema. Mwaka 1987 Lovaas alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa kwa saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Wataalamu walilihoji tokeo hilo, kwa kuwa watoto hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Hata hivyo, saa 40 zikabaki vichwani mwa watu.

Kilichosahaulika ni utafiti wake wa mwaka 1973. Watoto waliorudi kwa wazazi waliofundishwa mbinu hizo waliendelea vyema; waliopelekwa katika taasisi walipoteza walichojifunza. Mwalimu aliyedumu alikuwa mzazi.

Somo hilo si geni kwetu. Huko Mahenge, kwenye milima inayolitazama bonde la Kilombero, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa walitengwa na kuachwa waungue motoni, kwani watu waliogopa kuambukizwa. Usonji si kifafa, wala hauna kidonge cha kuuondoa. Lakini Mahenge ilionyesha kwamba hofu hupungua jamii inapoona kwa macho yake kwamba mgonjwa anaweza kusaidiwa, na kwamba huduma inaweza kuwafuata watu vijijini.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya elimu na huduma. Maafisa elimu, maafisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo. Kinachodaiwa kwao ni kumfundisha mzazi hatua ndogo na tuzo, na kumwachisha fimbo. Waliokuwa na maabara na fedha walijaribu adhabu kabla yetu, na historia imewahukumu. Mtoto wa Kidatu asilipishwe tena gharama ya kosa hilo, wala asingoje mpaka kliniki ya saa 40 ijengwe.