Safu ya Lugha: Uchakavu si hasara

Kariakoo kila kinachopungua huitwa hasara. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo ana kirikuu (gari dogo la mizigo) cha shilingi 8,000,000. Mwaka ukiisha anaandika "hasara ya gari". Hapana! Hasara, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni mali iliyopotea. Gari likiibwa bila bima, hapo sema hasara. Lakini hili limebeba mizigo, limeingiza pesa, na limechakaa kama nguo ichakaavyo: huo ni uchakavu. Wala si "kushuka bei". Bei hushushwa na soko, hata kwa gari ambalo halijawahi kuwashwa.

Kwenye Excel, fomula =SLN(8000000,2000000,4) hutoa uchakavu wa 1,500,000 kila mwaka, ukikadiria kuwa baada ya miaka minne gari litauzika kwa 2,000,000. Kodi ina njia yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka magari madogo ya mizigo, pamoja na kompyuta, kwenye daraja la kwanza: asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Kirikuu kile hukatwa 3,000,000 mwaka wa kwanza, 1,875,000 wa pili. Kwenye Excel, safu ya makato hayo iandike "uchakavu", na jumla ya miaka yote "limbikizo la uchakavu".